Kosa, woga na bahasha: kwa shabiki aliyeacha kuwaamini marefa

Swali limetoka Morogoro: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mwananchi, Yanga damu. Tangu usiku ule wa Pretoria walipotunyima goli la Aziz Ki, mpira umenitoka moyoni. VAR ilikuwepo, kamera zilikuwepo, na bado tukaambiwa si goli. Halafu rais wa CAF, shirikisho la soka Afrika, ndiye mwenye Sundowns yake. Huku nyumbani nako kila baada ya raundi chache tunasikia refa kafungiwa. Wewe umeshika filimbi, niambie ukweli: marefa wananunuliwa? Nitajuaje kama huyu kakosea na yule kauza mechi? Nauliza pia kwa sababu kijana wangu wa miaka 16 anataka kwenda kozi ya urefa, na mimi nimemkatalia."

Marahaba, ndugu yangu. Najua hutanisikiliza kwa lingine lolote kabla sijaigusa Pretoria, basi nianzie huko huko.

Ilikuwa tarehe 5 Aprili 2024, uwanja wa Loftus Versfeld, Yanga na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kwa Mkapa mlikuwa mmetoka 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti, mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Dahane Beida wa Mauritania, aliyekuwa na filimbi, hakuweka mpira kati. Chumba cha VAR, wale waamuzi wa video, hakikubadili kitu. Dakika 90 zikaisha bila bao, Sundowns wakapita kwa penati 3-2.

Kwa macho yangu mpira ule ulivuka. Nimeirudia picha ile mara nyingi, na kila nikiirudia nasema ulivuka. Lakini ningekuwa mimi nimekaa ndani ya kile chumba, macho yangu yasingenipa ruhusa ya kusema "goli". Naomba unielewe kwa nini, maana nusu ya jibu la swali lako iko hapo.

Chukua chungwa uliweke sakafuni karibu na mstari wa vigae, kiasi kwamba ukilitazama kutoka juu kabisa, ukingo wake bado unaning'inia juu ya mstari. Sasa chuchumaa ulitazame kwa pembeni. Utaona sakafu tupu kati ya mstari na pale chungwa linapogusa chini, na utaapa kwamba limeshapita. Sheria ya 10 inataka mpira wote uwe umevuka mstari wote. Mpira wa miguu una upana wa sentimita 22 hivi, kwa hiyo unaweza kugusa majani sentimita 10 nyuma ya mstari na bado lisiwe goli. Dunia nzima iliona jambo hilo Qatar 2022, mechi ya Japani na Hispania, pale Mitoma alipoukata mpira kwenye mstari wa mwisho kabla ya bao la pili la Japani. Picha za pembeni zilionyesha majani kati ya mpira na mstari, watu wakapiga kelele. Picha ya kutoka juu ikaonyesha ukingo wa mpira bado uko juu ya mstari.

Kisha ongeza mwendo. Shuti la kilomita 90 kwa saa linakwenda mita 25 kila sekunde. Kamera inayopiga picha 25 kwa sekunde inauacha mpira huo utembee mita moja nzima kati ya picha moja na inayofuata. Hata ukiwa na picha 50, ni nusu mita. Mpira ukishagonga mtambaa panya hupungua kasi, lakini bado ile picha unayoisimamisha kwenye simu yako na kuizungushia duara jekundu huenda si ile sekunde yenyewe. Na mshika kibendera usimlaumu sana. Kazi yake ni kukaa sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, kuangalia kuotea. Mtu akipiga shuti la mbali ghafla, yeye yuko mita nyingi nje ya mstari wa goli, anatazama kwa pembe kama wewe ulivyotazama chungwa.

Ndiyo maana dunia ilitafuta dawa nyingine kabisa. Mwaka 2010 kule Bloemfontein, Frank Lampard wa England aliwapiga Wajerumani shuti likagonga mtambaa panya, likadunda ndani waziwazi, na refa hakuona. Julai 2012 bodi inayotunga sheria za mpira, IFAB, ikaidhinisha teknolojia ya mstari wa goli, na Kombe la Dunia la Brazil 2014 likachezwa nayo: kamera 14, saba kwa kila goli, na saa ya mkononi mwa refa inayompa ishara ndani ya sekunde moja. Hiyo si VAR. VAR ni watu wanaotazama picha za matangazo na kuulizana. Teknolojia ya mstari wa goli ni mashine inayojibu ndiyo au hapana. Pretoria walikuwa na ya kwanza bila ya pili, na VAR yenyewe imekatazwa kubadili uamuzi wa uwanjani mpaka iwe na ushahidi wa wazi wa kosa.

Kwa hiyo uchungu wako nauelekeza kwingine. Waliowanyima haki ile ni watu wa ofisini, miezi mingi kabla ya mechi, walipokubali robo fainali ya mashindano makubwa kuliko yote ya klabu Afrika ichezwe bila kifaa cha kujibu swali la "umevuka au haujavuka", wakati dunia ilikuwa nacho kwa zaidi ya miaka 10. Beida na wenzake waliachwa wabahatishe mbele ya bara zima. Wao ndio waliotukanwa, na wale wa ofisini hakuna aliyewataja.

Kuhusu rais wa CAF nitakuwa mkweli. Patrice Motsepe, aliyechaguliwa Machi 2021, ndiye aliyeimiliki Sundowns na kuikuza, na uenyekiti wa klabu ameuchukua mwanawe, Tlhopie. Sijaona ushahidi wowote kwamba ofisi yake iliugusa uamuzi ule, na Sundowns hao hao walitolewa na Espérance nusu fainali mwaka huo huo, wakafungwa na Pyramids kwenye fainali ya 2025. Lakini sikubaliani na wanaosema shabiki hana haki ya kuuliza. Kamati ya nyumba kumi ikiamua ugomvi wa mpaka, mjumbe ambaye shamba la mwanawe limo kwenye ugomvi hasubiri kuombwa. Anainuka mwenyewe, anatoka nje, na kila mtu anamwona akitoka. Chombo kikubwa kama CAF kilitakiwa kutangaza waziwazi, kabla ya mechi, nani anapanga waamuzi wa mechi za Sundowns na kwa utaratibu gani. Hilo lisingerudisha goli, ila lingekupunguzia nusu ya maneno uliyoniandikia.

Usidhani mashine inamaliza kila kitu. Tarehe 17 Juni 2020, Aston Villa na Sheffield United, kipa wa Villa aliubeba mpira hadi ndani ya goli lake mchana kweupe. Saa ya refa haikutikisika. Kamera zote saba za goli lile zilikuwa zimezibwa na miili ya wachezaji na mlingoti, jambo ambalo wenye mitambo walisema halijawahi kutokea katika mechi zaidi ya 9,000. Mechi ikaisha 0-0, na msimu ulipofungwa Villa walibaki ligi kuu kwa tofauti ya pointi moja. Fikiria Bournemouth na Watford walioshuka walijisikiaje. Ila kampuni ilijitokeza siku ile ile ikaomba radhi na kueleza kilichotokea, na hapakuwa na mtu mwenye akili timamu aliyesema refa kanunuliwa.

Vivyo hivyo Septemba 2023, Tottenham na Liverpool. Luis Díaz wa Liverpool alifunga bao halali, kibendera kikainuka kimakosa, na mtu wa VAR akadhani uwanjani wameshatoa goli, akasema ukaguzi umekwisha, mchezo ukaendelea. Kosa la kijinga, la mawasiliano. Siku tatu baadaye waamuzi wa England wakatoa sauti yote ya chumba kile. Watu walisikia kwa masikio yao jinsi walivyochanganyikiwa, walivyogundua, na walivyokwama kwa sababu mchezo ulishaanza upya na sheria hairuhusu kurudi nyuma. Mashabiki wa Liverpool wana hasira hadi leo. Lakini wanajua wanachokasirikia. Wewe wa Morogoro unakasirikia kivuli, na kivuli kinakua kila siku.

Sasa swali lako la pili: kakosea au kauza?

Hongo kwenye uamuzi ipo, sitakudanganya. Ujerumani, nchi ya utaratibu, ilimpata Robert Hoyzer mwaka 2005. Mechi iliyomwangusha ni ya kombe, Agosti 2004: Hamburg waliongoza 2-0 dhidi ya Paderborn, timu ya daraja la chini, wakafungwa 4-2 huku penati zikitolewa na kadi nyekundu ikitoka. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na miezi mitano. Waliomchoma ni waamuzi wenzake, sikio la shabiki lisingefika huko. Hapa Afrika, Novemba 2016, Joseph Lamptey wa Ghana aliwapa Afrika Kusini penati dhidi ya Senegal kwa mpira uliomgonga Kalidou Koulibaly gotini. Afrika Kusini wakashinda 2-1. FIFA ikamfungia maisha, akakata rufaa mahakama ya michezo, akashindwa. Kilichomponza ni dau: fedha za mikeka zilikwenda kwa namna isiyo ya kawaida, na maamuzi yake yalionekana kulenga idadi fulani ya mabao ifikiwe. Mechi ikarudiwa Novemba 2017, Senegal wakashinda 2-0 na kufuzu Kombe la Dunia. Na majirani zetu wa Kenya wanakumbuka fedheha ya 2018, pale Aden Marwa, mwamuzi msaidizi aliyekwisha kuteuliwa kwenda Urusi, alipoonekana kwenye picha za siri za mwandishi Anas Aremeyaw Anas akipokea dola 600. Kombe la Dunia lilimpita akiwa nyumbani.

Angalia walivyopatikana. Mmoja alisemwa na wenzake, mwingine na mtiririko wa dau, wa tatu na kamera iliyofichwa. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa marudio ya televisheni peke yake. Penati mbovu ya Lamptey na penati mbovu ya refa mwaminifu aliyezibwa na beki zinafanana kabisa ukizitazama kwenye simu. Kwa hiyo ukiniuliza nitajuaje, nakujibu: kwa jicho hutajua. Mimi mwenyewe sijui, na nimekaa kwenye mpira huu zaidi ya miaka 30. Bahasha huacha nyayo kwenye pesa, kwenye simu, kwenye hoteli, na anayeweza kuzifuata nyayo hizo ni mpelelezi. Ndiyo maana pia sheria inazitofautisha kwa ukali. Kosa la kibinadamu, hata liwe baya kiasi gani, matokeo yanabaki. Hila ikithibitishwa, mechi inaweza kurudiwa, kama ya Senegal.

Na wakati mwingine tunaita hila kitu ambacho ni mwili tu kushindwa. Januari 2022, Limbe, Cameroon, Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85, wakamrudisha, akaimaliza tena kabla ya 90 kutimia. Watu walisema kalewa, kanunuliwa. Jua la Limbe lilikuwa limempiga mpaka akili haikukaa sawa.

Lakini kuna kitu cha katikati, ndugu yangu, na hiki ndicho kinachoninyima usingizi kuliko bahasha. Ni woga.

Niliwahi kuchezesha mechi ya daraja la chini, kwenye mji ambao sitautaja. Chumba cha kuvalia kilikuwa na mlango mmoja, na njia ya kutokea ilipita katikati ya mashabiki wa nyumbani. Mapumziko, mtu mmoja alipita pale mlangoni akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mwalimu, leo utalala hapa mjini?" Hakunipa senti. Hakunitisha kwa neno lingine. Wenyeji walikuwa nyuma kwa bao moja. Dakika 90 zilipofika niliongeza dakika saba. Wakasawazisha ya sita. Nilipofika nyumbani nikafungua daftari langu, nikajumlisha muda uliopotea: majeruhi mmoja, mabadiliko manne, mpira uliopigwa nje ya ukuta. Zilikuwa dakika tatu na sekunde chache. Nilikaa na daftari lile mapajani mpaka usiku mkubwa. Wageni walisema nimepewa bahasha. Sikupewa kitu, lakini haki yao niliwanyima kweli, na mpaka leo naikumbuka sura ya kapteni wao, kijana mwembamba, akiniangalia bila kusema neno.

Baadaye niliposoma utafiti niligundua siko peke yangu. Wachumi waliochunguza ligi ya Hispania waliona kwamba kwenye mechi ngumu waamuzi huongeza dakika nyingi timu ya nyumbani ikiwa nyuma kwa bao moja, na chache ikiwa mbele. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2002 liliwaweka waamuzi 40 mbele ya televisheni wakatazame faulo zile zile, wengine wakisikia kelele za uwanja, wengine kimya. Waliosikia kelele waliipa timu ya nyumbani makosa machache kwa asilimia 15.5. Hao walikuwa wamekaa kwenye viti! Hakuna aliyesubiriwa mlangoni. Kisha ikaja Korona, viwanja vikawa vitupu, na watafiti wa ligi za Ulaya wakaona kadi za njano kwa wageni na kwa wenyeji zikikaribiana. Refa ni mtu, sikio lake liko kichwani mwake.

Kwa hiyo unaposema "wanatubeba" au "wanawabeba", mara nyingi unaona kitu cha kweli ila unakipa jina lisilo lake. Timu kubwa zinabebwa. Simba na Yanga zote mbili zimebebwa mara nyingi, na mashabiki wa timu za mikoani wanaosafiri kuja Dar wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Haihitaji bahasha. Inatosha refa kujua kwamba akimkosea mdogo, Jumatatu hakuna atakayeongea, na akimkosea mkubwa, jina lake litasomwa redioni wiki nzima na mkewe atapigiwa simu na watu asiowajua.

Hapo sasa naingia nyumbani. Kamati ya Saa 72, ile inayosimamia uendeshaji wa ligi yetu, inapokaa, taarifa hutoka: mwamuzi fulani ameondolewa kwenye orodha kwa mizunguko mitatu au mitano kwa "kushindwa kutafsiri vyema sheria za mpira wa miguu". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi mno. Sheria ipi? Dakika ya ngapi? Alisimama wapi, alitakiwa asimame wapi? Ingekuwa shule, ni sawa na kumrudishia mtoto mtihani wenye alama ya kosa bila kumwonyesha swali. Refa hajifunzi, marefa wenzake hawajifunzi, na shabiki anabaki na neno moja tu kichwani: kafungiwa, basi alikula. Adhabu ile mnayodhani inaleta imani ndiyo inayoibomoa. Juni 2025 Kariakoo dabi, Simba na Yanga, ikachezeshwa na mwamuzi kutoka Misri. Naelewa kwa nini, presha ilikuwa imepanda baada ya mechi ya Machi kuahirishwa. Lakini kila tunapokodi filimbi ya mgeni kwa mechi kubwa tunamwambia refa wetu, mbele ya watoto wake, kwamba haaminiki. Atajifunza wapi kuibeba dabi kama hapewi?

Ningekuwa na sauti, ningeomba jambo moja tu kwa Bodi ya Ligi na TFF, shirikisho letu la soka: kila wiki, mkufunzi akae mbele ya kamera dakika 15, aonyeshe matukio matatu yenye utata, aseme sheria, aseme refa alikosea au alipatia, na kwa nini. Haigharimu kama VAR. Wewe utakuwa na hasira bado, lakini utakasirikia kitu unachokiona.

Kuhusu kijana wako, mruhusu. Nasema hivi nikijua ninachokuombea. Atatukanwa, na wa kwanza kumtukana huenda ni jirani yako. Posho itachelewa. Atalazimika kuwa na kazi nyingine ya kumlisha. Lakini Salima Mukansanga aliondoka Rwanda, jirani yetu hapa, na Januari 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya wanaume, Zimbabwe na Guinea, na mwaka huo huo akaitwa Kombe la Dunia la Qatar. Njia ipo.

Mwanzishe sasa hivi na mazoezi, asisubiri kozi. Kipimo cha waamuzi wa kimataifa wanaume ni mbio 6 za mita 40, kila moja ndani ya sekunde 6, halafu mita 75 za kukimbia kwa sekunde 15 na mita 25 za kutembea, mara 40 bila kukatisha. Asifikirie hayo leo, ila ajue mlima una urefu gani. Achezeshe mechi za mchangani mtaani kwenu, bila kuchagua. Na kila akitoka uwanjani, kabla ya kuoga, aandike kwenye daftari dakika alizoongeza na sababu ya kila moja. Akifikisha mechi kumi, njoo naye Dar, mje na daftari. Nitalisoma pamoja naye ukurasa kwa ukurasa, nawe ukae pale pale usikilize.